Kwa Nini Msiifute Alama ya Kugeuza

Mliponiaga mlinipa blanketi, kanga doti mbili na saa ya ukutani. Blanketi ninalitumia. Kanga doti moja nimempa dada yangu. Saa nimeitundika sebuleni, na kila nikiitazama najiuliza ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu aliyestaafu ana shida ya kujua ni saa ngapi. Hata hivyo nashukuru, inapendeza.

Mliniomba pia niandike kuhusu miaka yangu katika chumba cha hesabu. Vyeo sitaviandika, kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua kwa sababu nanyi mnaupokea. Ninaandika kwa sababu moja tu. Wiki ya mwisho mmoja wenu alifungua ule mstari wetu wa kompyuta wa kupigia hesabu ya ujazo wa miti, akaona alama ya kugeuza imekaa mbele ya jina la jedwali, akaniuliza, "Mama Zubeda, hii si kazi bure? Si tupange namba za jedwali upya, halafu tuifute?" Nilimwambia asiiguse. Akauliza kwa nini, lakini wakati huo pilau ya kuniaga ilikuwa imeshafika, na mimi siongei mbele ya pilau. Jibu lake ni hili, na ni refu kidogo.

Nilianza kazi nikitokea nyumbani Soni, nikiwa na cheti cha hesabu na sweta la kuazima. Ofisi yetu ya vipimo vya miti ilikuwa pale pale mnapoijua, juu ya soko la Lushoto, ila paa lilikuwa jekundu bado. Niliingia chumbani nikakuta wazee wamejaa, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri. Nikaanza na aliyekuwa karibu na mlango. Shikamoo mzee. Marahaba, hujambo. Sijambo. Habari za nyumbani. Nzuri. Za huko Soni. Nzuri. Viazi vimestawi? Vimestawi kiasi. Nikahamia kwa wa pili, na yeye pia akataka kujua habari za viazi. Nilipomfikia wa mwisho, watu walikuwa wanamimina chai ya saa nne.

Huyo wa mwisho ndiye alikuwa Mzee Elieza, mkuu wa chumba. Kwao ni Mtae, kule mwisho wa barabara mbaya, ambako mtu akisimama ukingoni anaona nchi yote ya chini. Alikuwa Mlutheri wa kwaya, mwimba sauti ya nne, na hata akikuomba kalamu ilikuwa kama anaanzisha pambio. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umesalimia vizuri. Mama yako amekufunza. Lakini ukiifanyia mashine hivi, hatutamaliza hata shamba moja."

Akanivutia kiti mbele ya kompyuta.

"Mtu akikuta baraza la wazee anasemaje?"

"Anasema shikamooni, mzee."

"Na wao?"

"Wanajibu marahaba."

"Wote kwa pamoja. Basi lugha hii ndivyo ilivyo. Miti yote ya shamba tunaipanga mstari mmoja, tunaiita safu. Hatuendi kuuliza mti mmoja mmoja wewe una mbao kiasi gani, na wewe je, na wewe. Tunasema mara moja, yote inajibu."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la lugha za safu, na mpaka leo sijasikia maelezo bora. Wengine mmefundishwa vyuoni kuandika mizunguko, mashine iende mti wa kwanza, irudi, iende wa pili. Nikiwaona huwa nakumbuka siku ile ya viazi.

Lugha yenyewe ilikuwa APL. Iliandikwa kwa alama ambazo kiwandani hawakuziweka kwenye kibodi, kwa hiyo kila kitufe kilibandikwa kibandiko. Vibandiko hivyo vilitengenezwa na watu wasioujua ukungu wa Lushoto. Ikifika Juni vilikuwa vinabanduka na kudondoka, unakuta alama ya kugawanya iko sakafuni na nyingine imenata kwenye kikombe cha mtu. Mwishowe Mzee Elieza alichukua rangi ya kucha ya mkewe, akachora alama zote upya kwa mkono. Rangi ilikuwa nyekundu. Wakaguzi walipokuja walidhani kibodi ni ya katibu muhtasi.

Jambo jingine, lugha ile hufanya hesabu kuanzia kulia kwenda kushoto. Wageni wengi hulalamika. Mimi nilisoma Kurani chuoni kwa maalimu tangu sijaota meno ya pili, kwa hiyo niliona kwamba hatimaye nimekutana na mashine iliyopata malezi. Mzee Elieza ilimchukua muda zaidi. Kilichomuudhi hasa ni kwamba katika lugha ile hakuna alama yenye cheo. Shuleni tulifunzwa kwamba kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Huku hapana, aliye kulia ndiye anaanza, awe nani. "Serikali gani hii isiyo na vyeo," alikuwa akinung'unika, kisha anaandika mabano ambayo hayakuhitajika, ili tu kuzidisha kupate heshima yake.

Sasa niwaeleze hesabu yenyewe, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kisa. Mti haupimwi ujazo kwa macho. Unauzungushia utepe maalumu kwenye kimo cha kifua, alama zake zinakupa kipenyo moja kwa moja. Kisha kuna namba tatu za aina ile ya mti. Ya kwanza inazidishwa kwa kipenyo mara kipenyo, ya pili kwa kipenyo peke yake, ya tatu inaongezwa kama ilivyo. Jumla yake ndiyo mbao. Kitu hicho kinaitwa polinomia, na jina hilo limewakimbiza watu wengi ambao wangeiweza vizuri.

Mzee Elieza alinifunza polinomia kwa ugali. "Usihangaike na vipeo," alisema. "Chukua namba ya kwanza, weka sufuriani. Zidisha kwa kipenyo, hiyo ni kukoroga. Ongeza namba ya pili, huo ni unga. Koroga tena. Ongeza ya tatu. Namba zimekwisha? Epua." Ndivyo inavyofanyika mpaka leo, koroga ongeza, koroga ongeza, hata namba zikiwa kumi. Na katika APL kulikuwa na alama moja tu, T iliyopinduliwa kichwa chini, ambayo ilifanya kukoroga kote huko kwa shamba zima. Unaweka vipenyo upande mmoja, namba upande wa pili, T iliyopinduka katikati, na msitu mzima unajibu marahaba.

Ila kulikuwa na sharti. Namba ya kwanza lazima iwe ile ya kipeo kikubwa, yaani ya kipenyo mara kipenyo. Mzee Elieza hakuiona kama kanuni ya mashine. Aliiona kama adabu. "Mkubwa hutangulia," alisema, na jedwali lake lote, la misindano, la migrivea, la mikafuri, aliliandika kwa mpangilio huo na kulitundika ukutani. Nadhani hapo ndipo alipoisamehe lugha ile mambo yake mengine.

Msidhani alikuwa mtu wa ofisini tu. Tulipelekwa Amani kupima miti ya zamani, tukakuta mkafuri ambao utepe wetu haukuuzunguka. Mimi nilipendekeza tukadirie. Mzee Elieza alinitazama kama nimependekeza tuibe sadaka, akavua mkanda wake wa suruali, akauunga kwenye utepe. Tulipata kipenyo sahihi. Kutoka pale mpaka kwenye gari ilikuwa mteremko mrefu wenye utelezi, na aliuteremka wote ameshika suruali kwa mkono mmoja, akitueleza kwa sauti ya nne hasara za kukadiria.

Miaka ikaenda. Kompyuta ile ikaanza kukohoa, tukaletewa mpya, na pamoja nayo akaja Godfrey. Alikuwa ametoka chuo kikuu na digrii yake, kijana mrefu mwenye haya, mwenyeji wa Bumbuli. Alikuja na lugha mpya, J, ambayo ni kama binti wa ile ya zamani. Akili ni ile ile ya shikamooni, na kulia kwenda kushoto ni kule kule, lakini haihitaji vibandiko, inaandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na nukta pacha. Mzee Elieza alifurahi na kusikitika kwa pamoja. Kibodi ya kucha nyekundu aliifunga kwenye gazeti akaenda nayo nyumbani, sijui mkewe alisema nini.

Godfrey aliandika mstari mpya. Mahali pa T iliyopinduka akaweka p na nukta yake, ambayo katika J ndiyo kazi yake hasa, kupiga polinomia kwa safu nzima. Jedwali la namba Mzee Elieza alikataa liguswe na mtu mwingine. Aliliingiza mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akisoma kutoka ukutani, mkubwa akitangulia. Godfrey alisimama nyuma yake. Nakumbuka alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nilidhani anapiga miayo.

Kisha Mzee Elieza akafanya jaribio. Alikuwa na jaribio lake moja ambalo alilitumia kwa kila kitu. Aliweka kipenyo cha moja. "Moja haidanganyi," alisema. Mashine ya zamani, ambayo tulikuwa hatujaiondoa, ikatoa jibu lake. Mpya ikatoa lile lile, mpaka nukta ya mwisho. Jibu lilikuwa chini kidogo ya sifuri, na hilo halikutushtua, kwa kuwa fomula ile haikutengenezwa kwa miche yenye unene wa kidole. Tukapongezana. Mashine ya zamani ikachukuliwa kwenda stoo.

Kazi ya kwanza ya mstari mpya ilikuwa shamba la misindano la shule moja ya msingi huko Mtae. Miti ile ilipandwa na wazazi wa kijiji kwa ajili ya shule yao. Upepo wa kule ulikuwa umeng'oa paa la madarasa mawili, mabati walikuwa wameshachangishana, na kilichobaki ni mbao za kenchi, ambazo zilikuwa zimesimama pale pale nyuma ya choo cha walimu. Walihitaji kibali tu cha kukata miti kiasi, na kibali kilihitaji ujazo kutoka kwetu. Masika yalikuwa yanakaribia. Vipenyo vya miti yote vililetwa, tukaviingiza, tukasema shikamooni, miti ikajibu, karatasi ikatoka, ikatiwa saini bila kusomwa kwa kuwa moja ilishakubali, ikaenda ofisi ya vibali, ambayo sitaitaja.

Aliyerudi ni mwalimu mkuu mwenyewe. Mwalimu Hatibu alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufumwa na subira ya kutisha. Alishuka na basi la alfajiri kutoka Mtae akiwa amebeba kiroba. Alimsalimia Mzee Elieza kwa Kishambaa, salamu ndefu za watu wa kijiji kimoja, wakaulizana wagonjwa wote na ng'ombe wote. Akanisalimia mimi. Akamsalimia Godfrey. Kisha akafungua kiroba, akatoa kipande cha shina la msindano, kimekatwa mviringo, akakiweka juu ya meza katikati ya chai. Chumba kizima kikanukia utomvu.

"Huu upepo uliuangusha wenyewe," alisema. "Sikukata, msije mkanishtaki. Nimekuja kuuliza kama huu ni mti."

"Ni mti," alisema Mzee Elieza.

"Una mbao?"

"Unazo, mwalimu. Unaziona."

"Mimi naziona. Ofisi ya vibali haizioni." Akatoa barua, akaisoma kwa sauti ya darasani. Barua ilieleza kwamba kwa mujibu wa vipimo vya kitaalamu, shamba la shule lilikuwa na mbao chini ya sifuri, yaani lina upungufu mkubwa. Maombi ya kuvuna yamekataliwa. Aidha, shule inaagizwa kupanda miti mpaka upungufu huo ufidiwe.

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilitazama dirishani kwa muda.

"Nilipoipokea," Mwalimu Hatibu aliendelea, "nilitoka nje nikaenda kusimama katikati ya shamba. Nikasema labda mimi ndiye sioni vizuri. Watoto wa darasa la pili na la tatu wanasomea kanisani sasa, kwa zamu. Mvua ikianza, barabara inakatika, na mbao hazitapita hata tukipewa za bure. Mzee Elieza, wewe ni wa kwetu. Watu wananiuliza, si mtoto wa kwetu yuko huko kwenye mashine? Niwaambie nini?"

Nilimwona Mzee Elieza akivua miwani. Nilimhurumia sana, niwaambie kweli. Mtu aliyevua mkanda wake kwa ajili ya kipenyo kimoja, leo kijiji chake kinaambiwa kwa saini ya chumba chake kwamba misindano yao ni pungufu kuliko hewa.

Tukapima kipande kile. Kipenyo kilikuwa sentimita thelathini. Nikachukua karatasi nikapika ugali wake kwa mkono, nikisoma namba za ukutani. Namba ya kwanza ilikuwa 0.0008. Nikakoroga kwa thelathini, 0.024. Nikaongeza ya pili, 0.001, ikawa 0.025. Nikakoroga tena, 0.75. Ya tatu ilikuwa ya kutoa, 0.04. Nikaepua 0.71. Mti mmoja, karibu robo tatu ya mita ya ujazo, na kila mtu mezani akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, mti kama huu ndivyo ulivyo.

Nikaingiza thelathini ile ile kwenye mashine. Ikajibu hasi thelathini na sita, kasoro kidogo.

"Ndiyo huyo," alisema Mwalimu Hatibu, kama mtu aliyemtambua mwizi wake.

Mzee Elieza akaweka moja. Jibu likatoka sawa. Akaweka moja tena. Akasema labda ni umeme. Akasema labda ni virusi, ndio kwanza vilikuwa vinaanza kusemwa. Na nyuma yetu Godfrey akakohoa, kikohozi cha mtu ambaye si mgonjwa.

"Mzee," alisema, "naomba radhi kabla sijasema."

"Umepewa."

"Lugha hii inaanza na mdogo."

Nje mtu alikuwa anashusha kabichi kwenye gari, tulisikia kila kabichi.

Godfrey akaeleza akitazama viatu vyake. Katika J, p na nukta yake inataka namba ile ya peke yake iwe ya kwanza, kisha ya kipenyo, kisha ya kipenyo mara kipenyo. Sisi tumeipa kinyume. Kwa hiyo ile ya kutoa, iliyokuwa itolewe mara moja tu mwishoni, imezidishwa kwa thelathini mara thelathini. Na moja haikuona kosa, kwa sababu moja ukiizidisha mara ngapi ni ile ile moja, upange namba kuanzia juu au kuanzia chini jumla haibadiliki.

Mzee Elieza alifikiri kidogo. "Tumemwaga unga wote kabla ya maji," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ulilijua hili tangu lini?"

"Tangu siku ile unaingiza, mzee."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unaandika, mzee. Nisingeweza kukukatiza."

"Nilimaliza kuandika."

"Ukaanza kunywa chai."

"Chai nayo nilimaliza, Godfrey."

"Ndipo ukafanya jaribio la moja, likakubali. Nikasema labda kwako limekubali kwa njia nyingine."

Mwalimu Hatibu alikuwa anawatazama kwa zamu, kama mwamuzi. "Kwa hiyo," alisema polepole, "watoto wangu hawana paa kwa ajili ya adabu."

Hilo liliuma, nasi sote tulistahili, maana hakuna mtu wa milima hii ambaye angefanya tofauti na Godfrey. Mimi mwenyewe ningekunywa chai ile nikanyamaza. Mwalimu akaongeza, "Na mashine yenu mti mmoja ukikosea inachapa darasa zima. Hata mimi siku hizi sifanyi hivyo." Nikamweleza kwamba miti haikukosea, ni sisi. Akasema basi ndiyo mbaya zaidi.

Godfrey akajitolea kupanga jedwali upya, haraka tu. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mzee Elieza alivaa miwani, akatazama jedwali lake ukutani, akasema, "Jedwali halipinduliwi."

"Mzee, ni namba tu."

"Ni namba nilizopanga mimi, na kabla yangu aliyenifundisha. Mkubwa hutangulia. Mkigeuza leo, kesho mtu atasoma ukutani akaingiza, keshokutwa mwingine atageuza, mtondo hamtajua msindano ni upi na mgrivea ni upi."

Kusema kweli, alikuwa na hoja, ingawa nilijua pia kwamba haikuwa hoja peke yake. Alikuwa ameaibika mbele ya mtu wa kwao, na jedwali ndilo lililobaki limesimama. Mwalimu Hatibu akaangalia dirishani. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Mombo, na basi la Mtae halingoji mtu. Alisema tu, kwa upole, "Elieza, nirudi na nini?" Hakusema mzee, alimwita jina lake kama walivyoitana wakichunga.

Godfrey akakohoa tena. Safari hii hakungoja kupewa radhi. "Kuna alama, mzee. Mstari wa kusimama na nukta. Inageuza safu, cha mwisho kinakuwa cha kwanza. Tukiiweka mbele ya jina la jedwali, jedwali linabaki kama lilivyo. Ukutani mkubwa anatangulia, kwenye kompyuta mkubwa anatangulia. Inageuka ndani kwa ndani, wakati wa kupiga hesabu tu."

"Ndani kwa ndani."

"Ndiyo, mzee."

"Mgeni akija hataona?"

"Akiusoma mstari ataona."

Mzee Elieza akafikiri. "Nani anasoma," alisema, na kusogeza kiti ili Godfrey akae.

Godfrey akaiandika. Mzee Elieza akanyoosha kidole kwenye kitufe cha moja, na sisi watatu tukasema hapana kwa pamoja, Mwalimu Hatibu akiwa wa kwanza. Mzee akaweka thelathini ya kile kipande cha mezani. Ikatoka 0.71. Kisha akaiita miti yote, shamba zima la Mtae, na mbao zikajaa skrini, mbao za kutosha kenchi za madarasa mawili na salio kubwa la kubaki limesimama. Mzee Elieza alisoma namba zile kwa sauti, moja baada ya nyingine, na Mwalimu Hatibu alikuwa anaitikia kila moja kama yuko kwenye tenzi.

Ushauri wangu wa kikazi uko hapa, mkitaka kuukata mkaubandike. Msijaribu polinomia kwa moja. Jaribuni kwa mbili, na kama mna mti, jaribuni kwa mti.

Mimi na mwalimu tulipeleka karatasi mpya wenyewe ofisi ya vibali, kwa miguu. Karani aliilinganisha na ya zamani, akauliza imekuwaje shamba lililokuwa na upungufu lina ziada ndani ya muda mfupi namna ile. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu vipeo. Mwalimu Hatibu akanitangulia. "Vuli ilikuwa nzuri," alisema. Karani akagonga muhuri.

Kenchi zilipanda, mabati yakapigiliwa, na tukaalikwa kwenye ufunguzi. Tulisafiri watatu, Mzee Elieza kiti cha mbele na tai yake ya kwaya. Mgeni rasmi alikuwa ndio kwanza anafungua hotuba yake ndani ya darasa la tatu wakati masika yalipoanza. Mvua ilipiga bati jipya mpaka hatukusikia hata neno moja, naye aliendelea kusoma kurasa zote, midomo inacheza, nasi tukapiga makofi kila alipopumua. Mwalimu Hatibu alikuwa amesimama nyuma, anatazama juu, akitafuta palipovuja. Hapakuvuja. Nilimwona akifuta macho kwa kofia, na mimi yangu sikuyafuta.

Jedwali la Mzee Elieza liko ukutani bado, mnalipita kila siku, na mkubwa anatangulia. Godfrey, ambaye sasa ni mkuu wenu, hajawahi kuliagiza lishushwe, nadhani mnaelewa kwa nini. Alama ile ndiyo inayotuwezesha kumheshimu mzee na kumsikiliza mdogo katika mstari mmoja, bila mtu kuaibika. Iacheni hapo.

Ila nimesahau mwisho wa ufunguzi. Mvua ilipopungua, watoto walipangwa mistari mbele ya wageni, wakubwa mbele kama kawaida, wadogo nyuma, wakasema kwa sauti moja, "Shikamooni." Sote tukajibu marahaba, na mgeni rasmi akageuka kuelekea kwenye chakula. Mzee Elieza hakugeuka. Alizipita safu zote mpaka nyuma kabisa, kwa mtoto mdogo kuliko wote, akainama, akangoja shikamoo yake peke yake, akaitikia, akamwuliza jina na habari za nyumbani. Kisha akahamia kwa wa pili kutoka mwisho. Wali ulikuwa unapoa. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Mzee, si ulinifunza tuseme mara moja, wote wajibu?"

"Hiyo ni miti, mwanangu," alisema, akamgeukia mtoto wa tatu na kumwuliza kama viazi vimestawi.